Nani alimuua mkaguzi wa ndani? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Kigoma

Mpwa wangu ni mwalimu wa sekondari Kasulu, na ameandika riwaya. Aliniletea mswada nyumbani Ujiji umefungwa kwa kamba ya katani, kurasa mia mbili na ushei, akasema, "Mjomba, wewe umezeekea mahakamani. Nisomee, halafu uniambie kama kesi hii inasimama." Nilikuwa karani, sikuwa hakimu. Lakini hakimu husoma anachowekewa mezani. Karani ndiye anayeshika kila karatasi, hata ile isiyofika mezani. Nimeusoma mswada mara mbili. Ninayoandika hapa yanahusu kesi iliyomo ndani yake, si mapenzi ya mkuu wa upelelezi na nesi, ambayo mimi ningeyakata yote.

Kisa ni hiki. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri moja mkoani Kigoma (mpwa wangu hakuitaja, na amefanya vizuri) anamaliza ripoti ya robo ya nne mwezi Julai. Ameibua fedha mbichi: ushuru wa dagaa na mazao uliokusanywa mialoni na magulioni kwa mashine za POS, ukaliwa kabla haujafika benki. Ijumaa alasiri anapeleka rasimu kwa Mkurugenzi kwa dokezo sabili, ile karatasi ya maelezo inayotembea kati ya ofisi na ofisi. Mkurugenzi anaandika pembeni neno moja: "Tuzungumze." Saa 11 jioni mkaguzi anatoka ofisini kwa miguu. Jumatatu alfajiri abiria wanaosubiri boti Kibirizi wanaona mwili unaelea. Na Jumamosi saa 2 usiku, saa ambayo kwa hesabu yoyote marehemu alikuwa ameshakufa, mtu aliingia kwenye mfumo wa mapato kwa jina na nywila ya marehemu. Hakufuta kitu. Alisoma, akapakua orodha ya mashine zenye fedha ambazo hazijapelekwa benki, akatoka.

Washukiwa wanne: Mkurugenzi, Mweka Hazina, Mwenyekiti wa Halmashauri ambaye ana boti mbili za mizigo, na Naibu Waziri mmoja mzaliwa wa huko. Mwishoni inakuja kugundulika kwamba ni Naibu Waziri. Aliagiza watu, wakamchukua mkaguzi kwa boti usiku, wakamtupa katikati ya ziwa, na wavuvi wa dagaa wakaona kila kitu kwa mwanga wa mbalamwezi.

Nianze na maji, maana maji ndiyo yanayomharibia mpwa wangu muuaji wake.

Jioni moja nilimchukua hadi kwenye baraza letu la kahawa. Yupo pale mzee mmoja aliyevua dagaa tangu zama za karabai mpaka hizi taa za sola. Nikamwomba mpwa wangu asome sura ya tisa kwa sauti. Alipofika pale "mwezi mpevu ulimulika maji huku taa za wavuvi zikimetameta", mzee akaweka kikombe chini. "Kijana, hao wavuvi wako wanatafuta nini?" Dagaa huvutwa na taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi. Watu hupandisha mitumbwi, wakashona nyavu, wakapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kwa hiyo mwandishi achague: ama mwezi mpevu, ama mashahidi. Nami nikaongezea la kwangu. Kisa kimewekwa Julai. Kama ni Julai 2024, hata giza lisingemsaidia, kwa sababu Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule. Mashahidi wake wote wangekuwa nyumbani wakilalamika.

Hilo ni dogo, linarekebishika kwa kalamu. Kubwa ni mwili wenyewe.

Maiti ikiingia majini, kwa kawaida huzama kwanza. Inaibuka baadaye, gesi za kuoza zikishajaa tumboni. Maji ya juu ya ziwa letu ni ya uvuguvugu, nyuzi 25 na zaidi, kwa hiyo siku mbili tatu zinatosha kwa mwili uliozama karibu na ufuko. Lakini ziwa hili si bwawa. Kina chake cha mwisho ni mita 1,470, na ukitoka ufukoni huendi mbali kabla chini hakujawa shimo. Mwili ukizama huko, uzito wa maji juu yake huminya hizo gesi, na kinachozama huko mara nyingi hakirudi. Kama waliotaka mkaguzi apotee walikuwa na boti, wakamtupa katikati ya ziwa Ijumaa usiku, wasingemwona Kibirizi Jumatatu. Kuonekana kwake Jumatatu kunasema aliingia majini karibu na nchi kavu, penye kina kifupi. Na kwa kuwa Julai ni msimu wa kusi, upepo unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, aliingia kusini mwa Kibirizi, yaani upande wa mjini, upande ambako watu hutembea kwa miguu.

Mpwa wangu ameandika ushahidi huu wote bila kuusoma. Boti haikuhitajika. Na boti ikiondoka kwenye kisa, Mwenyekiti mwenye boti mbili anaondoka, na Naibu Waziri na watu wake wa kukodi wanaondoka naye. Anabaki mtu wa hapa hapa, mwenye miguu miwili, ambaye mkaguzi hakumwogopa.

Daktari naye kapewa kazi nyepesi mno. Anafungua kifua, anaona maji kwenye mapafu, anaandika "amekufa maji". Maji huingia mapafuni hata mwa maiti iliyotupwa. Daktari makini hutafuta povu jeupe laini puani na kooni, huangalia kama mikono imeshika majani au mchanga, huangalia shingo na nyuma ya kichwa. Kisha vipo vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho, daiatomu. Mtu akivuta maji akiwa hai, moyo wake huvisukuma mpaka kwenye uboho wa mifupa. Akiingia majini amekufa, damu haizunguki. Kipimo hicho wataalamu wanakibishania, hakitoshi peke yake kumnyonga mtu, lakini kingempa mwandishi kurasa tano nzuri za kusubiri majibu. Badala yake ametuwekea mtu anayekimbizwa kwa gari barabara ya Kasulu. Sikatai, inasomeka.

Sasa ofisi.

Hapa mpwa wangu ameshika kitu cha kweli, nadhani bila kukusudia. Mwili ukishapatikana, kila mtu kwenye ile halmashauri anaficha kitu. Mweka Hazina anaficha masurufu, yaani fedha za kazi walizopewa watumishi mkononi, ambayo hayakurejeshwa mpaka 30 Juni yakafungwa kwa risiti za kuokoteza. Mkurugenzi anaficha lile neno "Tuzungumze", kwa kuwa linaonyesha aliiona rasimu. Afisa mmoja wa maendeleo ya jamii anaficha vikundi hewa kwenye mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mhudumu wa masijala anaficha kwamba Ijumaa alitoka mapema kwenda msibani bila ruhusa, akamwachia mwenzake funguo. Hakuna kati yao aliyemuua mtu. Lakini kila mmoja anachomoa karatasi yake, anasogeza tarehe yake, anasema uongo wake mdogo, na mpelelezi anapoingia Jumanne anakuta ofisi nzima inanuka. Anashindwa kutofautisha harufu ya mwizi na harufu ya muuaji. Muuaji hakuhitaji kulindwa na mkubwa yeyote. Alikaa kimya katikati ya watu wanaojilinda wenyewe.

Hiyo ndiyo kesi. Ningekuwa mimi, riwaya nzima ingekuwa hapo.

Tazama namna dola lenyewe linavyojichanganya. Fedha ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa sheria yake ya 2007. Mauaji ni ya Polisi. Kwa hiyo yanafunguliwa majalada mawili, juu ya watu wale wale, kwenye ofisi mbili zinazotenganishwa na barabara. TAKUKURU wanachukua kompyuta ya mapato na hati za malipo Jumatano. Polisi wanazihitaji Ijumaa, wanaambiwa ni vielelezo vya uchunguzi mwingine. Wakati huohuo Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, anataka taarifa kila asubuhi. Mkuu wa Polisi wa Wilaya ni mjumbe wa kamati hiyo, Afisa Usalama naye ni mjumbe. OC-CID, yaani mkuu wa upelelezi wa wilaya, anaripoti kwa mkubwa wake, na mkubwa wake anaripoti kwenye meza ambayo kila aliyekaa amewahi kula chakula cha mchana na Mkurugenzi. Hapo hahitajiki mtu mbaya. Taarifa zinavuja kwa sababu ya ujirani tu.

Halafu anakuja Waziri. Sura ya kumi na moja, uwanjani, mbele ya wananchi, anamsimamisha Mkurugenzi "kupisha uchunguzi". Watu wanapiga makofi, na msomaji naye atapiga. Karani mstaafu alisikitika. Mtu akisimamishwa jukwaani saa 8 mchana, makabidhiano ya ofisi yanafanyika jioni ile ile kwa haraka. Mafaili yanahama makabati, nywila zinabadilishwa, anayekaimu anaanza kusafisha meza ili yasimkute yeye. Kama kuna siku muuaji alipata nafasi ya kuirudisha rasimu kwenye faili, au kuiondoa, ni jioni hiyo. Uchunguzi ulipishwa kweli, ukapita.

Kwenye sura hiyo hiyo Mkuu wa Mkoa anaunda "tume". Hapana. Tume ya uchunguzi, ile yenye nguvu ya kuita mashahidi na kuwaapisha, huundwa na Rais kwa Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Mkuu wa Mkoa ana kamati. Tofauti si ya maneno, na wasomaji wa Kitanzania wanaikumbuka. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa Dar es Salaam, Polisi wakasema ni majambazi waliojibizana nao risasi. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na tume ikaivunja hadithi ile. Waliofikishwa mahakamani walikuwa maaskari wenyewe, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia washtakiwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja, Zombe akabaki huru. Miaka kumi. Nilimwambia mpwa wangu aiweke kesi ile kichwani kila anapotaka kumaliza yake kwa wiki mbili. Serikali kujichunguza inawezekana, ila ukweli wa tume ni kitu kimoja na ushahidi wa mahakamani ni kitu kingine, na kati ya hivyo viwili watu wanazeeka.

Kuhusu ungamo nitakuwa mkali kidogo. OC-CID wa mswada anamkamata Mweka Hazina saa 1 usiku, anamhoji mpaka alfajiri, alfajiri mtu analia na kukiri. Wakili yeyote anayejua kazi atalitupa ungamo hilo nje kabla ya chai. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na inaruhusu kuongezwa, si kulala naye. Nimeona maelezo mazuri kabisa, yaliyosainiwa kila ukurasa, yakiondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu ya saa zilizoandikwa juu yake. Mpelelezi mwenye akili humpeleka mtu kwa mlinzi wa amani, yaani hakimu wa mahakama ya mwanzo, aandike huko maelezo yake polisi wakiwa nje ya mlango. Na hata hivyo Mweka Hazina alikiri nini? Ukisoma vizuri, alikiri masurufu. Neno "nimeua" halimo. Mpwa wangu alishangaa nilipomwonyesha. Aliandika mtu analia, akadhani ameandika ungamo.

Vielelezo navyo vinatembea kama abiria wa mchangani. Simu ya marehemu inaokotwa na kijana wa boti, inakaa kwa mwenyekiti wa kijiji usiku mmoja, inapelekwa kituoni kwenye mfuko wa rambo, halafu ghafla iko Dar es Salaam kwa wataalamu. Nani alimkabidhi nani, saa ngapi, kwa saini gani? Mahakama ya Rufani ilishalisema hili wazi kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya 2007: lazima pawe na mlolongo wa maandishi, tangu kukamatwa kwa kielelezo mpaka kinapofika mahakamani. Bila huo, simu ni simu tu.

Ushahidi uliobaki ni wa mazingira. Kwa huo kanuni ni ya zamani kuliko mimi: mazingira yote lazima yamwelekee mshtakiwa, na yasiwezekane kuelezwa kwa namna nyingine yoyote isipokuwa hatia yake. Ukiwa na ofisi nzima inayoficha vitu, "namna nyingine" zipo kumi. Ndiyo maana Mweka Hazina, akiwa mahabusu gereza la Bangwe, angesikia wimbo ule ule kila baada ya siku 14: upelelezi haujakamilika. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili watu wasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa mazito, mauaji yakiwemo, yakaachwa nje. Na mauaji hayana dhamana. Enzi zangu tulisubiri pia vikao vya majaji kutoka Tabora, kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake. Halafu siku moja, bila maelezo, wakili wa Serikali angesimama na kusema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri. Sheria inamruhusu, na halazimiki kutoa sababu. Mpwa wangu hana habari na sentensi hiyo. Nimemwandikia pembeni kwa penseli, kwa kuwa ukiisikia mahakamani, ndugu wa marehemu wakiwa benchi la nyuma, huhitaji mtu afukuzwe kwa gari.

Na OC-CID? Kwenye mswada wanampiga risasi begani. Mimi ningempa barua. Uhamisho, wenye cheo juu kidogo, mkoa wa mbali, aripoti ndani ya siku saba. Jalada analikabidhi kwa mwingine, anayeanza kulisoma upya, naye ana majalada mengine arobaini. Anayesaini barua ile pengine hata hajui kuna mkaguzi aliyekufa.

Nilimwambia pia apunguze fedha. Kwenye mswada zimepotea bilioni nne. Hakuna mialo ya wilaya moja inayokusanya hivyo kwa robo mwaka, msomaji wa Kibirizi atacheka. Nikasema weka milioni 38. Akaniuliza, "Mjomba, mtu ataua kwa milioni 38?" Nikamjibu kwamba mtu haui kwa hesabu ya fedha. Anaua kwa kuwa Jumatatu ataitwa mbele ya wenzake, mkewe atajua, na nyumba aliyoifikisha kwenye lenta itajulikana imejengwa na nini.

Ndipo akauliza lililomleta. "Kwa hiyo kwako wewe muuaji ni nani?"

Nikamwomba afungue ukurasa wa 61. Pale, kwa bahati tu, ameandika kitu kizuri kuliko vyote kwenye mswada. Kwa kuwa ofisi yake haitumii mfumo wa ofisi mtandao, dokezo linatembea kwa mkono na daftari la masijala linasainiwa. Mkaguzi anasaini kulitoa saa 9 na dakika 40. Mkurugenzi anaandika "Tuzungumze" na kuweka saa: saa 11 kasoro dakika 10. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni hatua thelathini, na limechukua saa moja na dakika kumi. Mhudumu wa masijala hakuwepo, alikuwa msibani, alimwachia funguo mwenzake. Mwenzake ni mhasibu wa mapato, mtu wa makamo, anayekaa chumba kimoja na mkaguzi, ambaye kwenye ukurasa wa 14 aliombwa na marehemu amsaidie kuingia kwenye mfumo wa mapato, siku mtandao ulipogoma. Yaani nywila anaijua. Anakaa upande wa ziwani, na jioni huwa wanatembea njia moja. Ukurasa wa 90 analia msibani kuliko ndugu, na ndiye anayeshika daftari la rambirambi.

Mpwa wangu akanitazama. "Yule? Mjomba, yule nilimweka alete faili tu. Hana hata jina."

"Naona."

Alinyamaza kitambo. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Kisha akafungua tena ile kamba ya katani, akarudi ukurasa wa 14, akaniomba penseli.